Chavua ya Mtapo: Kutoka Ruring'u hadi Nyambene na Kurudi

Ninyi mlionikuta siku ile nikishuka kwenye pikapu pale Ruring'u, leso imejaa matope na nyusi zina unga wa manjano, mliniuliza natoka wapi. Niliwajibu nitawaeleza baadaye. Sikuwa nawakwepa. Nilitaka kwanza nijue safari yenyewe imezaa nini, na jambo hilo lilichukua miezi mingi. Sasa najua, kwa hiyo ketini tuzungumze.

Ruring'u

Wengi wenu mnaujua ule mti ulio mbele ya jikoni kwa mama yangu, hapa Nyeri. Mnauita mnazi, na kila mwaka kuna mtu wa kanisani anayekuja kuomba majani yake kwa Jumapili ya Matawi. Si mnazi. Watu wa pwani wana jina la aina yake, mtapo, nami nitalitumia hilo. Shina lake ni nene na lina makovu ya majani yaliyoanguka zamani. Majani yenyewe ni marefu kuliko mtu na yana ncha za kuchoma. Ukipita hapo bila kuangalia, sweta yako inabaki. Hukua polepole kiasi kwamba mimi nimepata wajukuu na ndipo shina lake linanifikia begani.

Mtapo hautoi maua. Hutoa koni, kitu kama bunzi kubwa la mahindi linalosimama katikati ya majani. Na kuna mitapo dume na mitapo jike, kila mmoja mti wake. Jike akikosa dume hutoa mbegu vilevile, kubwa na za kupendeza, ila ndani hazina kitu. Unazipanda, zinaoza.

Marehemu baba alikuwa mlinzi wa msitu huko kaskazini, kwenye milima ya mawe ambako mvua ni ya kubahatisha na miti hii inakunywa ukungu wa asubuhi. Alipostaafu alikuja na miche miwili iliyokuwa imejiotea chini ya mti mkubwa. Mmoja aliupanda hapa nyumbani. Wa pili alimpa dada yangu Muthoni siku alipoolewa Nyambene, upande wa pili wa mlima. Wengine walimpa sufuria na mablanketi. Baba alimpa mche ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia.

Miaka ilipita mingi kabla miti haijakomaa. Ndipo tukagundua kwamba wetu ni jike na wa Muthoni ni dume. Tulicheka sana kwa simu. Tukaahidiana kwamba siku ikitokea yote miwili imetoa koni kwa pamoja, mmoja wetu atafunga safari ya kupeleka chavua, unga wa dume, kwa jike. Muthoni alifariki kabla ya siku hiyo.

Na mazishi yalikwenda vibaya. Kaka yetu Ndirangu alimwambia shemeji yetu, Kirimi, mbele ya watu wote, kwamba alikaa na mke wake nyumbani hadi akamfia. Kirimi hakumjibu. Alichukua sepetu akaendelea kufukia. Tangu hapo hakuna aliyempigia mwenzake simu.

Sasa, mimi nina kitalu cha miche, mnajua. Asubuhi moja nikimwagilia kwa mama niliangalia ile koni nikaona magamba yake yameachana kidogo, nafasi ya kupitisha wembe. Jike akiwa tayari hufunguka hivyo kwa siku chache tu, kisha hufunga. Wiki hiyohiyo mpwa wangu Kendi, binti wa Muthoni anayesoma chuo pale Meru, alikuwa amenitumia picha kwa simu. Aliandika: "Aunty, mti wa mum umetoa hizi vitu. Ni ugonjwa?" Haukuwa ugonjwa. Zilikuwa koni za dume, nyembamba na ndefu, zimesimama kama mishumaa.

Nilimwonyesha mama ile picha. Aliishika simu mbali na macho, akaitazama kwa muda.

"Nenda," akasema.

"Nimpigie Kirimi kwanza?"

"Ukimpigia atakataa. Mtu akishafika mlangoni, kumfukuza ni kazi."

Kiganjo na Nanyuki

Nilikwenda na Gachoki, yule kijana wa Karatina anayenipelekea miche kwa wateja. Alikuwa na parachichi na miti ya kivuli ya kushusha Meru. Ni mtu mzuri, ila husimama kila mahali. Pale Kiganjo alisimama kununua kamba, halafu tukangoja kikosi cha vijana wa polisi wakivuka barabara wakikimbia na kuimba, halafu akakumbuka kwamba kamba anayo.

"Mama Njeri," aliniuliza tulipoondoka, "hii mti yako inaliwa?"

"Mbegu zake ni sumu. Mbuzi akila anaweza kulegea miguu hata afe."

"Mbao?"

"Hauna mbao. Ndani ni laini, kama kiazi."

"Sasa inasaidia nini?"

Nilimwambia kwamba wakati wa njaa kali watu wa zamani walikata shina, wakalianika, wakaliloweka siku nyingi na kumwaga maji tena na tena, ndipo wakapata unga wa uji. Aliyekuwa na haraka ya kuunywa hakuishi kusimulia. Siku hizi wanaoutaka ni matajiri wa kupamba bustani, na kuna watu wanaochimba mikubwa mikubwa porini usiku na kuipakia kwenye malori, ndiyo sababu inaisha. Mti wa miaka mia unaondoka kwa saa moja, na hauwezi kurudishwa.

Gachoki aliwaza. "Kwa hivyo unaenda Meru juu ya kitu haiwezi kuliwa, haiwezi kuchomwa, na inaua mbuzi."

"Ndiyo."

"Sawa," akasema, akaongeza sauti ya redio.

Nanyuki tulikwama. Mkanda wa injini ulikatika tukiwa karibu kabisa na soko, na fundi aliyekuwa na saizi yake alikuwa ameenda kwenye kambi ya wanajeshi wa kigeni kupeleka vipuri. Tulikula chapati na maharagwe kwenye kibanda, tukasubiri. Nilikuwa na wasiwasi juu ya koni ya mama, kwa sababu mvua ikipiga magamba yakiwa wazi, maji yanaingia ndani. Mama aliahidi kuifungia mwavuli. Nilipompigia alisema ameshaifunga, na kwamba majirani wanamuuliza kama ameanza kuchanganyikiwa.

Nilihitaji kitu cha kubebea chavua ikiwa baridi. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza mtindi pembeni yetu alinisikia nikilalamika. Aliniuliza ni dawa ya mgonjwa? Nikasema si mgonjwa, ni mti. Akaniangalia vizuri usoni, pengine kuona kama ninamchezea. Kisha akamimina mtindi uliobaki kwenye ndoo nyingine, akapangusa kile kisanduku chake cha kuwekea barafu, akanipa na barafu yake.

"Utarudisha ukipita," alisema. "Mama yangu pia alikuwa na miti yake."

Timau hadi Nyambene

Baada ya Timau baridi iliingia kwenye mifupa. Mashamba ya ngano yalikuwa yamevunwa, kondoo wanatembea kwenye mabua. Upande wa kushoto nchi inateremka hadi kule kukavu, bluu na milima midogo iliyokaa kila mmoja peke yake. Nilimwonyesha Gachoki kwamba kwenye mawe ya milima kama ile ndiko mitapo yetu ilikotoka. Alisema haoni mti wowote. Hata mimi sikuuona, lakini nilikuwa nimesikia habari zake tangu utoto, jinsi baba alivyopanda miamba asubuhi akakuta majani yake yanachuruzika maji wakati nyasi zote zimekauka.

Meru tulishusha miche, tukapita Kianjai, na kabla ya Kangeta tukaacha lami tukapanda juu kati ya mashamba ya miraa. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumwambia Kirimi. Yote yalinitoka nilipoona uwanja wake.

Mtapo wa Muthoni ulikuwa pale mbele ya nyumba, mrefu kuliko wetu. Majani yake ya chini yalikuwa yamekatwa yote. Kuzunguka shina palichimbwa mtaro wenye udongo mpya, na Kirimi mwenyewe alikuwa ndani ya mtaro huo, jembe mkononi. Nilijua maana yake. Nimeona mitapo ikichimbwa hivyo kabla ya kupakiwa. Nikaona dada yangu ametimiza mwaka tu ardhini na mti wake unauzwa.

Kirimi alinyanyua kichwa akaiona pikapu, na kamba za Gachoki, na mimi.

"Ndirangu amekutuma," alisema.

"Hakuna aliyenituma."

"Mmekuja na gari na kamba. Mwambie huu mti ni wa mke wangu. Baba yenu alimpa yeye."

"Na wewe unamchimbia nani?" nikamuuliza.

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa lugha ya mbali. Kisha akainama, akashika udongo wa chini ya shina, akanifungulia kiganja. Ulikuwa mweusi, unanuka.

"Unaoza," alisema. "Mvua ya mwaka huu imekusanya maji hapa. Nachimba mtaro yatoke. Majani nimekata niuone mguu wake."

Nilikaa chini palepale kwenye ukingo wa mtaro. Gachoki, ambaye alikuwa ameanza kufungua kamba bila kuambiwa, akazirudisha mahali pake.

Tulikaribishwa ndani kwa sababu ilikuwa karibu jioni na mgeni haachwi nje. Kirimi alipika mwenyewe: nduma, na maharagwe yenye majani ya malenge. Nilimweleza kuhusu koni ya mama na ahadi yangu na Muthoni. Alisema Muthoni hakumwambia.

"Kuna mambo mengi hakuniambia," aliongeza. "Na mengine aliniambia nisiseme."

Alisogeza sahani yake pembeni.

"Ugonjwa wake aliujua mapema. Daktari alimwambia. Aliniapisha nisiwaambie Nyeri, kwa sababu mama alikuwa ametoka tu kumzika baba yenu. Alisema, mama hawezi kubeba mbili. Tulienda hospitali, shemeji, mara nyingi. Siku ile ya mwisho yeye ndiye alikataa. Alitaka kuketi pale nje." Alinyooshea kidole mlango uliokuwa wazi, na mti. "Nikamtolea kiti."

"Kwa nini hukumjibu Ndirangu?"

"Ningemjibu nini mbele ya watu? Nilikuwa nimeapa."

Nililia kidogo. Yeye alikusanya sahani. Gachoki alitoka nje kuangalia magurudumu ambayo hayakuwa na shida yoyote.

Asubuhi Kirimi aliweka ngazi kwenye shina. Koni mbili zilikuwa zimeanza kumwaga. Ukizigusa, unga wa manjano unaelea hewani, na ndani yake fukusi wadogo wa kahawia wanatembea kama wako sokoni. Hao ndio wapatanishi wa mitapo porini. Hutoka kwa dume wakiwa wamejipaka unga, wakaenda kwa jike. Lakini hakuna fukusi anayeweza kuzunguka mlima mzima. Kirimi alikata koni moja kwa panga, akaishika kwa mikono miwili akashuka nayo taratibu. Tulitandaza magazeti mezani, tukafunga madirisha, tukaigonga. Unga ulianguka laini kuliko unga wa ngano. Tuliuchuja kwa kitambaa tukautia kwenye kichupa cha kioo.

"Koni nyingine iache," alisema. "Aliipenda harufu yake." Mimi harufu hiyo huniumiza kichwa, lakini sikusema.

Timau tena

Tulipofika Timau mvua ilikuwa inanyesha na barabara mbele ilikuwa imezibwa na lori lililolala ubavu. Barafu yangu ilikuwa imeyeyuka. Tuliingia kwenye hoteli ndogo, nikamwomba mwenyewe, mama mnene mwenye aproni, aniwekee kichupa kwenye friji. Alikubali bila swali. Gachoki aliagiza chai, nami nikasinzia kwa joto la jiko.

Kilichoniamsha ni sauti ya kifuniko cha kioo. Mpishi aliyeingia zamu hakuwa ameambiwa chochote. Alikuwa amesimama kwenye sufuria kubwa ya viazi na kabichi, kichupa changu mkononi, anatikisa.

"Mama, hiyo nini?" niliita nikienda mbio.

"Si ni manjano," alisema. "Lakini haina ladha kabisa. Hii mmeuziwa feki."

"Umeonja?"

"Kidogo tu kwa ulimi."

Nilimwambia ateme na asukutue maji, na kwamba chakula kile kisiliwe. Kukawa na kelele. Mwenye hoteli alisema nimeleta sumu kwenye friji yake. Nilimwambia sina hakika ni sumu kiasi gani, ila mti unaotoa unga huu siwezi kuthubutu kumlisha mtu. Wateja waliokuwa wanasubiri viazi walitaka kujua ni mti gani, na mzee mmoja akasema ni uchawi wa Wanyeri, na mwingine akasema ni dawa ya nguvu za kiume na akauliza kama imebaki. Chakula kilimwagwa shimoni. Mpishi aliketi kwenye kreti akijishika tumbo, ingawa nadhani alikuwa na hofu tu, maana baadaye alikula chapati vizuri.

Nilitazama kichupa. Zaidi ya nusu ilikuwa imekwenda na kabichi.

Sikuona haki kuondoka nikiacha watu na njaa. Nilivua sweta nikaomba kisu. Mimi na yule mpishi tulimenya viazi, Gachoki akakata kabichi vibaya, na mwenye hoteli akasimama juu yetu mpaka hasira ikamwisha. Mpishi aliniuliza huo mti nauhitajia nini hasa. Nilimwambia habari ya dada yangu. Aliacha kumenya.

"Ungesema hivyo kwanza," alisema. "Ningekuwekea chini ya nyama, hakuna mtu angegusa."

Lori liliondolewa. Nanyuki yule mwanamke wa mtindi alikuwa bado pale, nilimrudishia kisanduku, naye akaniuliza, "Ilifika?" Nikasema iliyobaki iko hapa, nikapigapiga kichupa kwenye mfuko wa sweta.

Nyumbani

Hapo ndipo mliponiona. Sikusimama kuwaeleza kwa sababu kulikuwa bado na mwanga na koni ilikuwa bado wazi, ingawa magamba ya chini yalikuwa yameanza kukazana.

Ndirangu alikuwa kwa mama. Alitaka kujua nilikuwa wapi, na mama alikuwa ametazama pembeni. Nilimwambia shika ngazi kwanza. Nilipanda na mrija mwembamba wa mpira na kile kipira cha kusafishia masikio ya mtoto, nikapuliza unga gamba kwa gamba, kuanzia juu. Nikiwa huko juu, nikiwa sioni uso wake, nilimsimulia yote ambayo Kirimi aliniambia. Kiti kilichotolewa nje. Kiapo. Mama alisikia pia, kwa sababu alikuwa amesogea. Ngazi ilitikisika kidogo halafu ikatulia.

Nilipoteremka Ndirangu alikuwa amekumbatia ngazi kwa mikono yote miwili. Mama alisema tu, "Muthoni alikuwa hivyo." Akaingia ndani kuweka chai.

Koni ilifunga. Ikanenepa. Miezi ikapita, na mwezi uliopita ikaanza kubomoka yenyewe, mbegu zikaanguka na nyama yake ya rangi ya chungwa. Nilivaa glavu nikazisafisha. Kuna njia moja ya kuzijua: unazitia kwenye beseni la maji. Iliyo tupu inaelea. Iliyo na uhai inazama.

Tulizitia pamoja, mimi, mama na Ndirangu, uani. Za nusu ya chini ya koni zilielea nyingi, kama nilivyoogopa, unga haukutosha. Lakini za juu zilikwenda chini moja moja zikakaa kwenye sakafu ya beseni, na hata Ndirangu alipozikoroga kwa mkono hazikupanda. Mama alizitazama akiwa ameinama, mikono magotini, mpaka nikamletea stuli.

Nilitoa simu nimpigie Kirimi. Ndirangu aliniomba simu hiyo. Aliishika, akaenda hadi kwenye uzio, akarudi, akabonyeza.

"Shemeji," alisema. "Ni Ndirangu. Zimezama."

Simu ilikuwa kwenye spika, tukasikia sauti ya Kirimi ikiwa na hofu: "Nani wamezama? Wapi?"

"Hapana, hapana. Mbegu. Mbegu za Muthoni. Zikizama ni nzuri." Ndirangu alihamishia simu mkono wa pili. "Shemeji, yale maneno yangu ya siku ile."

"Naskia," Kirimi alisema.

"Nilikuwa sijui."

Kulikuwa na upepo upande wake, tulisikia majani makavu yakigongana.

"Hizo mbegu usizitume na mtu," alisema mwishowe. "Nitakuja kuchukua mwenyewe. Mwambie mama nitalala."